Tupeane uzoefu: kusherehekea sikukuu za nyumbani ukiwa ughaibuni

Wadau, sikukuu ya kwenu ikikukuta ugenini ni siku ya kazi kama siku nyingine. Shughuli nyingi haziharibiwi na pesa wala ukumbi, zinaharibiwa na tarehe na saa. Naanza na ruhusa, wengine mwendeleze.

Omba miezi miwili kabla, wenzako hawajagawana likizo. Sikukuu yenye tarehe moja kila mwaka haina taabu, hata Krismasi ya 7 Januari kwa wanaofuata kalenda ya Julian. Kazi iko kwenye Idi. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, hivyo Idi inarudi nyuma siku 10 hadi 12 kila mwaka, na kwa wanaosubiri mwezi uonekane, uhakika unapatikana jioni ya kuamkia tu. Omba siku mbili zinazofuatana, useme wazi tangu mwanzo kwamba moja utairudisha. Na muafikiane mapema mnafuata mwezi wa wapi, maana msipoafikiana nusu ya wageni watafika wamefunga. Hilo linaumiza kuliko chakula kuungua.

*

Naongezea kwenye saa. Sehemu kubwa ya Ulaya husogeza saa mbele kwa saa moja Jumapili ya mwisho ya Machi na kuirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Marekani ni Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba. Ndiyo maana London na New York, ambazo kwa kawaida zinapishana kwa saa tano, hupishana kwa saa nne kwa wiki mbili au tatu za Machi, kisha tena kwa wiki moja hivi kati ya mwisho wa Oktoba na mwanzo wa Novemba. Nchi zisizogusa saa zao zinabaki palepale. Ukituma mwaliko wa "saa ileile ya mwaka jana", ndugu walio mbali wataingia dua imekwisha.

Halafu "saa mbili usiku": kijana aliyekulia ugenini anaweza kuisoma 02:00. Andika zote, saa mbili usiku (20:00), na utaje ni saa za mji gani.

*

Jikoni sasa. Jiko la induksheni halishiki sufuria ya aluminiamu ya kawaida. Weka sumaku chini ya sufuria: isiponata, haitapata moto. Na jiko la umeme lenye duara la sentimita 18 halimudu sufuria ya sentimita 35. Katikati panaungua, pembeni pabichi, na ukiongeza moto unazidisha kuungua. Gawa kwenye sufuria mbili za kadiri, upike moja baada ya nyingine, ya kwanza uihifadhi kwenye oveni ya nyuzi 80 za Selsiasi ikiwa imefunikwa.

Kengele ya moshi usiizibe kwa mfuko, hata mkikaanga. Fungua dirisha na uwashe feni kabla mafuta hayajapata moto. Kwenye majengo mengine mlio mmoja unawatoa wapangaji wote nje.

*

Kwa wanaoagiza vitu kutoka nyumbani: abiria anayeingia Umoja wa Ulaya kutoka nje haruhusiwi kubeba nyama wala maziwa, isipokuwa kutoka nchi chache zilizotajwa. Matunda mabichi yanahitaji cheti cha afya ya mimea, ila nanasi, nazi, ndizi, tende na duriani zimesamehewa. Marekani unatakiwa kutangaza chakula chote, hata kile unachodhani kinaruhusiwa. Kilichotangazwa, kikikataliwa, kwa kawaida kinaishia kutupwa. Kilichofichwa ndicho kinacholeta faini.

*

Simu ya video na nyumbani: chumba kimoja, kifaa kimoja. Simu mbili zikiwa na sauti pamoja zinaleta mwangwi na mazungumzo yanakwama. Iweke mbali na spika ya muziki, na wazee muwape zamu ya kwanza, kabla chaji na usingizi wao havijaisha.