Troponini au NT-proBNP kwa mzee mwenye sepsisi, tulipie kipi?

Karafuu_Kavu
Asalaam aleikum. Mzee wetu kalazwa juzi hapa Pemba, maambukizi yameingia damuni, wenyewe wanaita sepsisi. Leo daktari katuandikia vipimo vya damu vya moyo, troponini na NT-proBNP, na tulipo havipimwi mpaka damu itoke nje. Mfukoni mna pesa ya kimoja. Nambieni kipi, jioni natakiwa nitoe jibu.

Mwana_wa_Wete
Waaleikum salaam, mpe pole sana mzee. Lakini ndugu yangu mbona hujasema kitu? Miaka mingapi? Figo je? Kifua kinamuuma? Maambukizi yameanzia wapi?

Bi_Mtambwe
Na ECG, ile ya kupima umeme wa moyo, kapigwa? Hiyo mbona rahisi kuliko hivyo vyote.

Karafuu_Kavu
Afwan, nimechanganyikiwa. Ana 79. Kifua hakimuumi, ila toka Jumatatu anaweweseka, anamwita marehemu mama, na homa hana hata chembe ndo maana tukadhani uzee tu tukachelewa. Imeanzia kwenye mkojo, ana tezi dume, kavaa mpira wa mkojo. Kreatinini, kile kipimo cha figo, wanasema iko juu. ECG bado.

Fundi_wa_Tyubu
Mie nafanya maabara. NT-proBNP moyo unaitoa ukielemewa, na kwa mzee huyo itakuja juu tu, inatoka mwilini kwa figo na figo zenyewe ndo hizo. Hata bila sepsisi, mtu anayehema kwa shida chini ya miaka 50 tunashuku moyo umeelemewa ikipita 450, lakini akivuka 75 mpaka ipite 1800. Sasa ikija 4000 utaifanyia nini? Lipia troponini, inayoonyesha misuli ya moyo kuumia, tena mara mbili, ya pili baada ya masaa 3, maana namba moja haisemi kitu, tunatazama inapanda au imekaa palepale.

Nahodha_Mstaafu
Mara mbili? Si kasema pesa ya kimoja weye!

Bi_Mtambwe
Troponini ndo iliyotuponza sie. Ami yangu, homa ya mapafu, miaka 80 na kitu, hospitali sitaitaja wakampima ikaja juu, kijana wa zamu akatoka na karatasi mkononi akatwambia mlangoni hapohapo, huu mshituko wa moyo, mpelekeni Unguja. Basi mbio mbio boti ya asubuhi, bahari imechafuka, ami kalazwa sakafuni kwenye godoro, mwanangu kashika dripu mkono juu njia nzima mpaka ukafa ganzi, na sindano ya antibaiotiki ya asubuhi hakuna aliyempiga. Kufika, daktari mkubwa kaitazama ECG, kampima eko, ile picha ya moyo ya ultrasaundi, kasema mshipa haukuziba hapa, moyo umeumizwa na maambukizi na presha kushuka, mrudisheni kwenye dawa zake. Kapona alhamdulillahi lakini siku mbili zilikwenda bure.

Fundi_wa_Tyubu
Hapo kipimo hakina kosa bibie, kosa la aliyekisoma. Troponini inasema misuli ya moyo imeumia, haisemi imeumizwa na nini.

Mwana_wa_Wete
Mie bado NT-proBNP. Mzee anatiwa dripu chupa kwa chupa, moyo ukichoka maji yanakwenda mapafuni. Ikija chini ya 300 hofu hiyo imekwisha.

Fundi_wa_Tyubu
Chini ya 300, miaka 79, figo mbovu, na sepsisi? Nitafutie mmoja nikupe pishi ya karafuu.

Nahodha_Mstaafu
Na hiyo damu itasafirije? Nimeona kwa macho yangu tyubu zimo kwenye kontena la barafu pamoja na changu wawili.

Fundi_wa_Tyubu
😂 BNP ya kawaida, ndugu yake NT-proBNP, ingeharibika baada ya masaa machache, NT-proBNP inavumilia zaidi. Changu sina uhakika.

Karafuu_Kavu
Nimerudi kwa daktari, nimemuuliza jibu likija juu utabadilisha nini? Kafikiri kidogo, kasema tuanze ECG na laktati (kipimo cha damu cha kuona sepsisi imemkaba kiasi gani) leo, antibaiotiki zisikatike, dripu atazipunguza kasi akisikia mapafu yanakoroma. Ila kaka wa Maskat kapiga simu anataka vyote viwili, atatuma. Mpira wa mkojo ndo wameubadilisha sasa hivi.

Bi_Mtambwe
Kwani alikaa nao muda gani huo wa mwanzo?

Karafuu_Kavu
Toka kabla ya Ramadhani.

Nahodha_Mstaafu
Subhanallah.