Tuisheni za Mombasa, tangu lini mvutano wa uzi ukawa sawa na uzito wa jiwe linaloanguka?

Wanajamvi, leo sina salamu ndefu. Nina karatasi ya majibu ya fizikia ya kidato cha tatu, fotokopi iliyopigwa mpaka herufi zimevimba, inauzwa shilingi 50 na kituo kimoja cha tuisheni huku Kisauni. Jina silitaji, wenyewe wanajijua. Swali la nne lina jibu ambalo hata jiwe lenyewe likiulizwa litalikana.

Swali ni lile la siku zote. Mawe mawili, moja la kilo 3 na jingine la kilo 2, yamefungwa kwenye ncha mbili za uzi mwepesi usiovutika, uzi umepita juu ya kapi jepesi lisilo na msuguano. Yanaachiliwa. Tafuta mchapuko, yaani kasi inaongezeka kiasi gani kila sekunde, kisha mvutano wa uzi. g, mchapuko wa kitu kinachoanguka chenyewe, ni 10.

Mchapuko wameandika 2. Sawa, ile fomula ya kukariri imewatoa. Halafu mstari unaofuata: mvutano ni 3 mara 10, nyutoni 30. Basi, alama tatu, twende swali jingine.

Nyutoni 30! Hebu niambieni, ikiwa dunia inalivuta jiwe chini kwa nyutoni 30 na uzi unalivuta juu kwa nyutoni 30, hilo jiwe linateremka kwa sababu gani? Kwa adabu? Juu hapo, kwa kalamu ileile, wametuambia linashuka kwa mchapuko wa 2. Sasa geukieni upande wa pili. Jiwe la kilo 2 linavutwa juu kwa 30 na chini kwa 20, linabaki na 10, gawa kwa kilo 2, kwa hivyo linapaa kwa mchapuko wa 5. Yaani ncha moja ya uzi haina mchapuko, ncha nyingine inakimbia kwa 5, na swali limesema uzi hauvutiki. Uzi gani huo, mpira wa manati?

Na hesabu yenyewe si ya kutoa jasho. Unachora kila jiwe peke yake na kani zake mbili. T ni mvutano, a ni mchapuko. Jiwe zito: 30 toa T ni sawa na 3a. Jiwe jepesi: T toa 20 ni sawa na 2a. Ukijumlisha, T inajifuta yenyewe, unabaki na 10 sawa na 5a, mchapuko 2. Rudi nyuma: 30 toa 6 ni 24. Jaribu upande wa pili: 20 jumlisha 4 ni 24. Pande mbili zimekubaliana. Tena hata kabla hujashika kalamu unajua jibu lazima liwe kati ya 20 na 30, maana zito linashuka na jepesi linapanda.

Mtoto wa dada yangu aliandika 24. Alichora mishale, akaandika milinganyo miwili, akafika. Akapigwa mkasi mwekundu toka juu hadi chini na kuandikiwa pembeni "fuata skimu", yaani ile karatasi yao ya majibu. Alipokuja kwangu hakuuliza jibu ni lipi. Aliuliza, "Mjomba, mtihanini niandike la kweli au la mwalimu?"

Nikaenda mwenyewe. Mwalimu yule, kwa upole kabisa, akanijibu: "Bwana, sisi hapa twafundisha watoto wapite. Hayo yako ni ya chuo kikuu." Ya chuo kikuu wapi? Kanuni ya pili ya Newton, ile ya kani iliyobaki ni kilo mara mchapuko, imo kwenye kitabu cha kidato cha tatu alichokuwa amekilalia kiwiko. Na mtambo huu wa mawe mawili George Atwood wa Cambridge aliueleza kitabuni mwaka 1784. Raha yake ni kwamba unapunguza kasi ya kuanguka: mawe yakikaribiana uzito, mchapuko unakuwa mdogo, unaweza kuupima hata kwa saa za zama hizo. Kwa mawe yetu ni moja ya tano tu ya g. Sasa mvutano ungekuwa sawa na uzito wa jiwe zito, Atwood angepima nini?

Swali la saba nalo ni balaa. Jiwe zito linashuka mita 1, linagonga sakafu. Jepesi limepanda kiasi gani? Skimu: mita 1. Jamani, wakati zito linagonga, jepesi lina mwendo wa mita 2 kwa sekunde. Uzi unalegea, jiwe linaendelea kupaa kwa mwendo wake, sentimita 20 zaidi. Jibu ni mita 1.2. Utamu wote wa swali ulikuwa hapo, wao wameuruka.

Msiniambie ni alama tatu tu. Mimi nashinda bandarini nikitengeneza winchi. Kontena la tani 20 likining'inia kimya, waya unabeba nyutoni 200,000. Likianza kunyanyuliwa kwa mchapuko wa nusu tu, ni 210,000. Anayeamini kwamba mvutano ni uzito, basi, simtaki karibu na mashine yangu.

NYONGEZA: Naona mmoja hapo chini anasema nawaonea, ati swali la tisa, lile la kitalu mezani, wamelipata. Hawakulipata, ndugu yangu. Kitalu ni kilo 4 juu ya meza, kilo 1 inaning'inia ukingoni, kigezo cha msuguano 0.2. Wao wamechukua msuguano wa kilo zote 5 wakapata 10, wakatangaza kwamba vitu havisogei. Inayoning'inia haigusi meza, msuguano wake unatoka wapi? Ni 0.2 mara 40, yaani 8. Zinabaki nyutoni 2 za kusukuma kilo 5, mchapuko 0.4, mvutano 9.6. Mwenye hesabu nyingine ailete hapa na mchoro wa kani zote. Fomula tupu sisomi.