Mrejesho: Warsha ya kurekodi sauti kwa walimu, Moshi

Ndugu zangu, niliuliza namna ya kuwafundisha walimu wa Moshi kurekodi na kuhariri sauti ilhali intaneti ya ukumbini si ya kutegemea. Nilifuata ushauri wenu wa kubeba Audacity, programu ya bure isiyohitaji mtandao, kwenye flashi, nikaisakinisha mapema. Kilichosumbua zaidi ni mwangwi wa ukumbi ule wa bati na sakafu ya saruji, hadi mwalimu mmoja alipojifunika kanga pamoja na simu yake, akasoma shairi, na sauti ikatoka safi kuliko ya kinasa sauti changu cha gharama. Kwenye mkutano wa elimu jijini Arusha nitawasikilizisha wajumbe rekodi hiyo, kwa idhini yake, badala ya slaidi.