Naomba ushauri: kampuni zimeungana, sisi wa umri mkubwa tunasukumwa nje
Habari zenu wakuu. Nina miaka 53, ni mhasibu hapa Kisumu. Kampuni yetu iliunganishwa na nyingine kubwa, na sasa sisi wenye umri tunaletewa fomu za kuondoka kwa hiari. Meneja mpya alitamka mkutanoni kwamba anataka damu changa. Vijana niliowafundisha kazi wamebaki, na siwaonei kijicho, nao wana familia. Lakini ni hiari gani hii, unapoambiwa utie sahihi kabla ya Ijumaa?

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40 kuhusu kupunguza wafanyakazi, inataka notisi ya mwezi mmoja, afisa wa leba ajulishwe, na malipo ya angalau siku 15 kwa kila mwaka uliotimia. Tena muda uliotumikia lazima uzingatiwe wanapochagua nani aondoke. Katiba nayo, ibara ya 27, inakataza ubaguzi wa umri. Fomu yangu haigusi lolote kati ya hayo.

Je, nikitia sahihi bado naweza kwenda Mahakama ya Ajira? Na maneno ya meneja, ambayo hayakuandikwa popote, nitayathibitishaje? Wenzangu walioyasikia wanaogopa. Aliyepitia haya tafadhali anieleze alianzia wapi, kwa afisa wa leba au kwa wakili.