"MAMA SUBIRI KIDOGO, TUKO KWENYE JAMBO LA MSINGI": Jamaa wa rangi kanifikisha mwisho

Fundi_wa_Mwaloni (mleta uzi)

Wakuu, salamu zitafuata baadaye. Sijalala. Ugali wa jana uko kwenye sufuria umekuwa tofali.

Waandika programu wote wa Mwanza hii mnamjua huyu mtu. Sitamtaja, hana haja ya kutajwa. Ni yule wa rangi. Yule ukimwambia nyumba inaungua anakuuliza moshi ni mweusi au ni kijivu. Kuanzia Nyegezi mpaka Igombe sema tu "jamaa wa rangi", hata konda wa daladala atakushusha mlangoni kwake.

Jana jioni, mbele ya watu kumi na nne, alimwambia mama wa umri wa mama yake mzazi: "Mama, subiri kidogo, tuko kwenye jambo la msingi."

Mnataka kujua jambo la msingi lilikuwa nini? Kitufe. Kitufe kiandikwe "Hifadhi" au "Tunza".

Kwa wasiotujua: tuna programu ya bure ya kuandika madeni ya dagaa. Iko wazi, anayetaka anaongeza, anayetaka anarekebisha, hakuna bosi, mambo yanapita kwa muafaka. Naipenda kazi hii kuliko kazi inayonilipa. Kina mama wa Mwaloni pale Kirumba walikuwa na madaftari, daftari likilowa na deni limekwenda na maji. Sasa wanaandika kwenye simu.

Ila ilikuwa na ugonjwa mmoja mbaya. Uko ufukweni, mtandao unakuja na kuondoka, umebonyeza kitufe ukaona kimya, unabonyeza tena. Mtandao ukirudi seva inapokea zote mbili, deni linaandikwa mara mbili. Wiki tatu nimekesha na hilo. Nikakipa kila kiingizo namba yake ya pekee tangu kikiwa kwenye simu, ili seva ikiiona namba ile ile mara ya pili ijue ni kile kile, isikiandike tena. Mistari 60 haifiki. Nikaleta marekebisho yakaguliwe.

Siku kumi na tisa. Maoni mawili. La kwanza dole gumba. La pili mtu ananiuliza kama najua kufungua simu aliyosahau namba ya siri.

Siku hizo hizo mjadala wa kitufe ulifika ujumbe 211. MIA MBILI NA KUMI NA MOJA. Mmoja kaleta kamusi. Mwingine kasema "Hifadhi" itawafanya kina mama wafikirie Kisiwa cha Saanane na swala wake. Mwingine kasema hapana, "Tunza" ni ya mtoto na mgonjwa, deni nani analitunza? Watu walipochoka wakataka kukubaliana "Hifadhi" tulale, jamaa akafufua rangi. Kitufe kiwe bluu bahari au bluu ya ziwa. Katuma picha sita za ziwa, zote kasimama pale pale, Jiwe la Bismarck linaonekana, kinachobadilika ni wingu. Daraja la Kigongo–Busisi lina kilomita 3, limejengwa, limeisha, magari yanapita tangu 2025. Kitufe bado.

Ndiyo maana jana nikaja na mtu. Nikamchukua mama mmoja anayeanika dagaa Igombe, nikasema wakimuona wataelewa. Simu yake kioo kimepasuka, kaifunga mpira wa kufungia hela, magamba ya dagaa yamekaukia pembeni ya kitufe cha kuwashia. Akainyanyua kwa mikono miwili. Kwenye kioo: mteja wa Kahama, 168,000. Deni la kweli ni 84,000. Mteja yule alikuwa kampigia asubuhi, kamwita mwizi, mtu wanayefanya biashara miaka sita.

Mama akaanza: "Wanangu, mimi naomba mnionyeshe..." Na yule bwana, hata shingo hakugeuza, macho yako ukutani kwenye bluu zake mbili: "Mama, subiri kidogo, tuko kwenye jambo la msingi."

Akakaa. Benchi la mlangoni, simu mapajani. Saa nzima na dakika arobaini. Hakupewa hata maji. Upepo wa mvua ukaanza kuingia mlangoni, akainuka, akasema taratibu "dagaa wangu wako mchangani", akatoka.

Nikasema basi tupitishe marekebisho yangu usiku huu huu. Jamaa akaandika -1, yaani anapinga. Sababu: "Muafaka wa kitufe haujafikiwa, na haya marekebisho yanagusa kitufe." Kwenye miradi ya Apache, shirika kubwa la programu za wazi kama yetu, ukipinga msimbo wa mtu kwa -1 lazima ulete sababu ya kiufundi, usipoleta haihesabiki. Na wenzetu hao jambo likikaa saa 72 bila wa kulipinga, wanahesabu limekubaliwa. Langu limekaa siku kumi na tisa! Saa 72 zimepita mara sita!

Lakini -1 naweza kuimeza. Siwezi kumeza ile. Mama. Subiri. Kidogo. Jambo la msingi. Usiku kucha inanguruma kichwani kama jenereta la jirani.

Mtu kama huyu anafanywa nini?

---

Sato_Mbichi
Nimekaa siti ya mbele kabisa. Uzi mrefu kama foleni ya Buzuruga ila nimeumaliza.

Konda_wa_Igoma
Uzi bila picha ya hizo bluu mbili ni chai.

Fundi_wa_Mwaloni
Unaomba picha ya bluu?? Mkuu, mama wa watu amekaa kwenye benchi saa nzima na dakika arobaini!

Konda_wa_Igoma
Sasa nitaamuaje bila kuona?

Mzee_wa_Seva
Kijana, punguza presha, ugonjwa huo ni wa zamani kuliko wewe. Mwaka 1957 Mwingereza mmoja, Parkinson, aliandika kisa cha kamati ya fedha. Kinu cha nyuklia cha pauni milioni 10 kinapita kwa dakika mbili na nusu. Linakuja banda la baiskeli la wafanyakazi, pauni 350, wanabishana robo tatu ya saa. Kinu hakuna anayekielewa, kila mmoja anaogopa kuonekana mjinga. Banda kila mtu ameshawahi kuliona, kila mtu anataka aondoke pale akisema "lile bati nililisemea mimi".

Mwaka 1999 watu wa FreeBSD, mfumo wa wazi wa kuendeshea kompyuta, walikuwa wanagombania amri ya `sleep`, ile ya kuiambia kompyuta ingoje, eti ipokee sehemu ya sekunde au isipokee. Mwenzao mmoja, Poul-Henning Kamp, akachoka, akawaandikia barua akiwakumbusha lile banda na rangi yake. Tangu hapo dunia nzima ya programu mjadala wa namna hii unaitwa banda la baiskeli. Wewe umeleta kinu. Jamaa yako kaleta banda. Ulitegemea nini?

Fundi_wa_Mwaloni
Mzee, shikamoo. Nimekuelewa. Lakini hao wa kamati walikuwa wenyewe kwa wenyewe. Hakuna aliyekuja na simu mkononi wakamwambia subiri kidogo.

Mbishi_wa_Capri_Point
Mimi niseme ukweli hata mkinipiga mawe. Neno NI jambo la msingi. Bibi yangu alikuta kitufe kimeandikwa "Futa", akadhani ni cha kufuta vumbi kwenye kioo. Akafuta picha zote za msiba wa babu. Mleta uzi ana hasira za kukataliwa tu.

Sato_Mbichi
@Mbishi_wa_Capri_Point hahahaha pole ya bibi, alifuta kweli

Ndoo_Tupu
Simu zikiwekwa Kiswahili si huwa zinaandika Hifadhi? Mjadala wa ujumbe 211 wa nini hapo?

Mbishi_wa_Capri_Point
Simu zilitafsiriwa na watu wasiojua dagaa. Tunza.

Ndoo_Tupu
Hifadhi.

Fundi_wa_Mwaloni
Hapana. HAPANA. Msianze humu jamani.

Nukta_Mbili
Mkuu, kubwa kuliko lako limewahi kutokea. Guido van Rossum, aliyeianzisha lugha ya programu ya Python mwenyewe, mwaka 2018 aliachia kiti baada ya mabishano juu ya alama ya `:=`. Nukta mbili na sawasawa, mzee wa watu kachoka kaondoka. Wewe na kitufe chako ni nani usikeshe?

Mvuvi_Mstaafu
Mnajua watu wa IETF, wale wanaopanga taratibu za intaneti? Hawapigi kura. Mwenyekiti anauliza swali, wanaokubali wanaguna, anasikiliza mguno wa upande upi una uzito. Na hawangoji kila mtu aridhike. Pingamizi likisikilizwa likajibiwa vizuri, kazi inaendelea hata mwenye pingamizi akibaki amenuna. Wameiandika kabisa mwaka 2014, RFC 7282. Nyie mnasubiri mtu wa rangi aridhike? Huyo haridhiki mpaka ziwa likauke.

Konda_wa_Igoma
Watu wazima wanaguna? Nikiguna mimi kwenye daladala abiria wanashuka.

Mama_Kijacho_wa_Pasiansi
Nyie mna raha. Mimi nipo kamati ya harusi ya shemeji yangu. Ukumbi umelipiwa bila hata swali, mpaka leo hatujui risiti iko kwa nani. Ikaja sare ya kina mama. Rangi ya maziwa au krimu. Tulianza saa kumi jioni tukatoka saa tatu usiku, mawifi wawili hawasalimiani, na shangazi mtu kasema kama ni krimu yeye haji na mchango wake turudishe. NI RANGI ILE ILE WAKUU.

Sato_Mbichi
Si ile ile. Krimu ina unjano kidogo.

Mama_Kijacho_wa_Pasiansi
Kumbe na wewe ni wa upande wa shangazi.

Kasia_Moja
Kikundi chetu tulibishana wiki mbili jina la kuandika kwenye mtumbwi mpya. Nani alinde injini usiku, hakuna aliyeuliza. Siku ya kuandika jina fundi wa rangi kafika asubuhi na brashi yake, injini haipo.

Ndoo_Tupu
Jina mlikubaliana lipi?

Kasia_Moja
Acha kabisa mkuu. Bado tunabishana.

Fundi_wa_Mwaloni
Pole kwa injini ndugu, hilo linauma kweli. Ila naomba turudi. Huyu mtu alimwambia mama "subiri kidogo" BILA KUMTAZAMA. Angemtazama tu. Angeona ile simu.

Nukta_Mbili
Mkuu, dawa ni moja. Chukua kodi yote, fungua mradi wako, weka marekebisho yako, kina mama wahamie kwako. Waliotoka OpenOffice, programu ya bure ya kazi za ofisi, mwaka 2010 wakaunda LibreOffice hawakumuomba mtu ruhusa.

Fundi_wa_Mwaloni
Nimeiwaza usiku kucha. Lakini kina mama zaidi ya mia wako kule, madeni yao yako kule, namhamishaje mtu ambaye jana tu alikaa kwenye benchi akarudi mikono mitupu? Na wale kumi na watatu wengine ni ndugu zangu, tumekula dagaa sahani moja. Kosa lao ni kunyamaza.

Fremu_Makoroboi
Nimeona neno kodi nimeingia mbio. Na nyie mmepandishiwa?

Nukta_Mbili
Kodi ya programu mkuu, maandishi ya kompyuta.

Fremu_Makoroboi
Sawa, ila mimi yangu ni ya fremu na inauma zaidi. Mwenye nyumba wangu pale Makoroboi kapandisha kodi, kataka ya miezi sita, na kaniambia kwenye ujumbe wa sauti wa sekunde nne. Nne. Nampigia hapokei. Mlango haufungi vizuri tangu mwaka jana, paa linavuja juu ya vitenge.

Mama_Kijacho_wa_Pasiansi
@Fremu_Makoroboi una vitenge? Vya krimu vipo?

Fremu_Makoroboi
Krimu vipo, rangi ya maziwa vimebaki pea tano.

Mzee_wa_Seva
@Fundi_wa_Mwaloni yule mama wa Igombe dagaa aliwahi?

Fundi_wa_Mwaloni
Ndiyo natoka Igombe sasa hivi Mzee. Hakuwahi wote. Alivyofika mvua ilishapiga nusu ya mchanga, wamelowa, wameanza kunuka, hao ni wa kuku. Nimemwomba radhi kwa niaba ya wote. Nimekaa naye tumefuta deni lililojirudia kwa mkono, moja moja, tumekuta sita. Nikampigia mteja wa Kahama mimi mwenyewe nikamweleza kosa ni la programu, si la mama.

Halafu nikamuuliza, mama, kile kitufe, wewe ungependa kiandikwe nini? Akasema: "Mwanangu, mimi kusoma kunanisumbua. Nabonyeza kile cha chini kulia."

Cha chini kulia wakuu. Ujumbe 211.

Sato_Mbichi
Kwa hiyo rangi ndiyo ya muhimu sasa, kama hasomi

Konda_wa_Igoma
Hapo jamaa wa rangi kashinda.

Fundi_wa_Mwaloni
Nyie watu.

Mbishi_wa_Capri_Point
Dagaa waliolowa anauza bei gani ndoo? Nina kuku mia mbili Buhongwa.

Mama_Kijacho_wa_Pasiansi
@Fremu_Makoroboi nahitaji pea kumi na mbili za krimu kabla ya Ijumaa, shangazi kashinda. Unashusha bei?

Fremu_Makoroboi
Njoo dukani dada yangu, tutaongea. Ukifika sukuma mlango kwa bega, haufunguki kwa mkono.