AC ya 9,000, 12,000 au 18,000 BTU kwa chumba cha mita 4 kwa 4, Upanga?

Mpangaji_Mpya: Wakuu, habari za jioni. Nimehamia ghorofa ya juu kabisa Upanga, juu yangu ni zege tupu. Chumba cha kulala ni mita 4 kwa 4, dirisha linatazama magharibi. Dukani wananishawishi nichukue ya BTU 18,000 (BTU ndiyo kipimo cha nguvu ya kupoza), eti inapoza haraka. Hela ipo, ila LUKU inanitisha.

Fundi_Baridi: Mkuu, hiyo 18,000 achana nayo. Mafundi wengi tunaanzia BTU 600 kwa mita ya mraba: 16 mara 600 ni 9,600. Hapo ni chumba kilichotulia. Zege lako linachomwa na jua mchana kutwa, usiku linakurudishia joto, na dirisha nalo linapata jua la jioni. Ongeza robo, unafika 12,000, ile wanayoiita 1.5 HP.

Mama_Sinza: Mie nina 9,000, chumba karibu sawa na chako, na usiku najifunika. Kwa nini alipie zaidi?

Fundi_Baridi: Dada, uko ghorofa ya ngapi?

Mama_Sinza: Ya pili kati ya tano.

Fundi_Baridi: Basi wewe juu yako kuna jirani, yeye juu yake kuna jua.

Kaskazi: Mniwie radhi, kubwa ina ubaya gani? Si itazima mapema?

Fundi_Baridi: Ubaya ndio huo wa kuzima mapema. AC hukausha hewa wakati kompresa, ile pampu ya gesi, inafanya kazi. Unyevu unakuwa maji, yanatoka kwa bomba. Ikizima kila baada ya dakika chache, chumba kinakuwa cha baridi lakini shuka zina unyevunyevu. Kwa Dar ya Januari hutalala. Na kompresa inayowaka na kuzima ovyo haidumu.

Mpangaji_Mpya: Na umeme je?

Kaskazi: 12,000 ya kawaida inakula karibu kilowati moja kompresa ikiwa kazini. Ukiiwasha kwa muda wa saa nane kila usiku, ukitoa muda inaopumzika, weka uniti tano au sita. AC ya inverta itapunguza, kwani inashusha mwendo badala ya kuzima. Kama uko kwenye ile tarifu nafuu ya uniti 75 kwa mwezi, iage mapema.

Mama_Sinza: Nunua pazia zito kwanza, mwanangu. Bei yake haifiki hata ya ufundi.

Fundi_Baridi: Hapo sipingi. Chukua 12,000 ya inverta, ivutiwe waya wake peke yake kutoka kwenye mein swichi. Ile mashine ya nje ya AC usiifungie kwenye kona ya balkoni. Ikivuta hewa yake ya moto, hata 18,000 itakushinda.