Bega la kulia limegoma kupanda, ni umri au ni nini?

Mama Mahamri
Salam aleikum jamaa. Nina miaka 53, niko Lamu mtaa wa Langoni, kazi yangu mahamri kwa hivyo kila alfajiri nakanda unga na kukuna nazi. Tangu Rajab bega la kulia laniuma, mwanzo nikadhani nimelilalia vibaya, sasa mkono hata kichwani haufiki, nywele nasukwa na binti yangu na sidiria naifunga mbele kisha naizungusha (msicheke). Usiku ndo balaa. Nimesingwa na mafuta ya nyonyo, bibi mmoja akanivuta mkono mpaka nikalia, siku tatu sikulala. Mamangu asema ni umri nivumilie. Sasa mbona la kushoto lina miaka ileile na halina neno?

Foromali
Aleikum salam dada. Mi nimepandisha tanga la jahazi miaka 30, bega langu lilikatika kano. Jaribu hivi, kiwiko kibane ubavuni, kunja mkono kama wabeba sinia, halafu binti ausukume polepole uende nje. Mimi mwenyewe kuinua siwezi lakini mtu akiniinulia wapanda mpaka juu, maana maungio yazunguka vizuri, kamba ndo imekatika. Wako ukigoma hata ukisukumwa na mtu, hilo huenda ni bega la kuganda. Na eksirei haionyeshi kano, yangu ilitoka safi kabisa, altrasaundi ndo ilisema ukweli.

fizio wa Malindi
Mzee kasema sawa, ila eksirei nayo apige, mfupa uliolika hugoma hivyohivyo. Bega la kuganda ni ule mfuko unaozunguka maungio, unavimba, unakuwa mnene na kusinyaa. Hushika sana kati ya miaka 40 na 60, wanawake zaidi ya wanaume, na wenye sukari ndo wengi, kwa hivyo mama KAPIME SUKARI kabla ya yote. Huachia lenyewe lakini laweza kuchukua mwaka mpaka mitatu. Wakati huu wa maumivu makali usivutwe na mtu! Inama ushike meza, mkono uning'inie uzunguke duara dogo tu, na kupanda ukuta kwa vidole, ukifika panapouma simama hapo. Sindano ya steroidi hutuliza, ila kama una sukari itapanda siku kadhaa, waambie mapema. Na hivi vidonge vya maumivu mnavyonunua dukani kama pipi vyala tumbo na figo, wa presha ndo kabisa asijiamulie.

kisauni_boy
Niongeze moja, maumivu yakija ghafla begani hasa la kushoto na kifua kinabana na jasho linakutoka, hiyo si mambo ya kusingwa, ni hospitali saa hiyohiyo

Mama Mahamri
Ahsanteni sana. Binti kausukuma, wapi, umegoma kama mlango uliovimba mvua, hautoki hata inchi mbili. Jana nikaenda kupimwa sukari sijala kitu, ikasoma 9.4, iko juu, daktari ataka nirudie kesho ili kuhakikisha. Nazi sasa akuna kijana wangu na alalamika kutwa. Nimemwambia mamangu habari ya sukari, asema nayo pia ni umri.